Mkono Mtupu Haulambwi: Kusambaza Mbinu Mpya katika Karakana za Mbao za Lamu

Mjini Lamu, kutoka Mkomani hadi Langoni, karakana za maseremala zimekaribiana kiasi kwamba fundi akipiga randa, jirani yake anajua ni randa ipi na ubao gani. Mtu angedhani mbinu mpya ikiingia kwa mmoja Jumatatu, kufikia Ijumaa wote wanayo. Haiwi hivyo. Habari husambaa siku hiyohiyo barazani, lakini mbinu yenyewe hukaa miaka mahali pamoja. Ukichunguza utakuta sababu si ujinga wala ubishi wa wazee. Katika kila karakana yupo mtu ambaye mbinu ile inamtia hasara, na hakuna aliyemfidia.

Mwongozo huu ni wa viongozi wa vyama vya mafundi, vyama vya ushirika, maafisa wa biashara wa kaunti na yeyote mwenye fungu dogo la fedha anayetaka kifaa au mbinu fulani ienee katika karakana ishirini au thelathini zilizo pamoja. Mifano ni ya mbao, lakini hesabu ni zilezile kwa mafundi wa majahazi wa Matondoni, washona ngozi wa Siyu au wanawake wanaodarizi kofia kwa malipo ya kipande.

Kwanza: nani anapoteza?

Mfano unaofundisha kuliko yote unatoka mbali, Sialkot nchini Pakistan, mji unaoshonea dunia mipira ya miguu. Mpira wa kawaida una vipande 20 vya pembe sita na 12 vya pembe tano, na hukatwa kwa kalibu ya chuma kwenye karatasi kubwa za ngozi ya bandia. Vipande vya pembe sita hukaa pamoja bila nafasi katikati, kama sega la nyuki. Vya pembe tano havikai hivyo, na kila nafasi ni ngozi inayotupwa. Mwaka 2012 watafiti wa uchumi walibuni kalibu inayovipanga vipande vya pembe tano kwa kupishana, ngozi ikapotea kidogo zaidi, wakaigawa bure kwa viwanda 35. Baada ya mwaka na miezi kadhaa, viwanda vilivyokuwa vikiitumia vilikuwa vichache mno.

Kalibu haikuwa na kasoro. Wakataji walilipwa kwa kipande. Kalibu mpya iliwapunguzia kasi siku za mwanzo, kwa hiyo mfuko wao ulipungua, na akiba ya ngozi ilikwenda kwa mwenye kiwanda. Wakawaambia wenye viwanda kwamba kitu hiki hakifai, na wenye viwanda, ambao hawakati wenyewe, wakawaamini. Mwaka uliofuata watafiti walikwenda kwenye baadhi ya viwanda na kumwahidi mkataji mmoja na mchapaji mmoja (anayechapa nembo kwenye vipande) malipo ya mara moja, takriban mshahara wa mwezi, iwapo wangeonyesha mbele ya mwenye kiwanda kwamba wanaweza kuitumia ile teknolojia. Viwanda vilivyopata ahadi hiyo vilianza kuitumia kwa wingi kuliko vingine. Kwa biashara ya ukubwa ule, fedha zile zilikuwa kidogo sana, ila zilimfikia mtu aliyestahili.

Basi kabla ya kununua chochote, chukua karatasi uigawe safu tatu: mwenye karakana, fundi mkataji, kibarua au mwanafunzi. Kwa kila mmoja andika mbinu hii inampa nini na inamnyima nini katika wiki mbili za kwanza, kisha baada ya miezi mitatu. Usiijaze ukiwa ofisini. Zungumza na mafundi peke yao, tajiri asiwepo, na usiulize "je, mtakipenda?" kwa kuwa jibu litakuwa ndiyo, kwa adabu tu. Uliza: "Ukikitumia kesho, utamaliza vipande vingapi hadi alasiri?"

Hesabu ya mfano: kiolezo cha miguu ya viti

Chukua mbinu nyepesi. Miguu ya nyuma ya kiti imepinda. Fundi wengi huchora kila mguu ndani ya kisanduku chake, na mapengo kati ya mikunjo huishia kuwa kuni. Kiolezo kimoja kigumu, kinachosogezwa ubavuni hatua kwa hatua ili miguu ilaliane kama vijiko kwenye droo, hutoa miguu zaidi kwa ubao uleule. Tuseme ubao wa futi 8 kwa inchi 12 unauzwa shilingi 3,000, na kwa njia ya zamani unatoa miguu 9, kwa kiolezo 11. (Takwimu hizi ni za kufundishia, weka za kwako.)

Kwa njia ya zamani mbao ya mguu mmoja ni shilingi 333. Kwa kiolezo ni 273. Tajiri anaokoa kama shilingi 60 kwa kila mguu.

Sasa fundi. Analipwa shilingi 30 kwa mguu na hukata 40 kwa siku, yaani 1,200. Wiki mbili za kwanza na kiolezo atakata 30, apate 900. Kila siku amepoteza 300, na kwa siku 12 za kukata ni 3,600. Akishazoea atafika 38, si 40, kwa kuwa kuchora kwa kulalisha kunahitaji uangalifu. Hapo anapata 1,140, na upungufu wa shilingi 60 kwa siku utamfuata maisha yote. Tajiri anaokoa zaidi ya 2,000 kwa siku. Fundi anakatwa 60 kila siku, kisha anaulizwa kwa nini hakipendi.

Kutokana na hesabu hii unahitaji dawa mbili, na watu wengi husahau ya pili. Ya kwanza ni malipo ya mara moja ya kufidia kipindi cha kujifunza: 3,600, uyapandishe hadi 4,000. Ya pili ni bei mpya ya kipande. Kutoka 30 hadi 32 kunampa fundi 1,216 kwa miguu 38, zaidi kidogo ya alichokuwa akipata. Kunamgharimu tajiri shilingi 76 kwa siku, kutoka kwenye akiba ya 2,280. Tajiri akikataa kupandisha bei ya kipande, usimpe kiolezo. Utakuwa unapoteza kiolezo.

Malipo ya fundi: jinsi ya kuyatoa

Motisha mbaya huharibu kuliko kutokuwa nayo. Masharti yawe ya tendo linaloonekana, kamwe yasiwe ya kuhudhuria. Semina yenye posho na biriani itajaza ukumbi, na siku ya pili hakuna kiolezo kitakachotoka sandukuni, maana mtu amelipwa kwa kukaa.

Andika jaribio kwa namna ambayo haliachi ubishi. Kwa kiolezo chetu: ubao mmoja wa futi 8 kwa inchi 12, usio na ufa, miguu isiyopungua 11, kila mguu usitofautiane na kiolezo kwa zaidi ya milimita 2, jaribio lirudiwe siku tatu tofauti. Siku tatu ni muhimu. Siku moja mtu anaweza kubahatisha, au kuletewa ubao uliochorwa na mwenzake usiku. Mashahidi wawe wawili: mwenye karakana yake na fundi wa karakana nyingine. Huyo wa pili anashuhudia, na hapohapo anajifunza bila kuitwa mwanafunzi.

Kiasi kitajwe kabla, kilipwe siku ileile ya jaribio la tatu, na kiende kwa M-Pesa kwenye simu ya fundi mwenyewe. Kikipitia kwa tajiri, hata tajiri mwaminifu, kitakutana na deni la zamani njiani. Wengine hupendelea kulipa nusu siku ya jaribio na nusu baada ya mwezi kwa kutazama daftari. Inaonekana busara, lakini jiandae kupokea daftari lililojazwa vizuri sana. Kama bei ya kipande imeshapandishwa, fundi ana sababu yake ya kuendelea bila nusu ya pili.

Fundi wengine hawashikwi na fedha pekee. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi bila karatasi hufurahia kulipiwa ada ya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, inayotoa vyeti kuanzia daraja la III hadi la I. Cheti ni chake, anaondoka nacho hata akihama karakana. Tajiri asiyependa hilo amekuonyesha mapema kitu kuhusu namna anavyowashika watu wake.

Makosa ya mbao yanayosingiziwa mbinu

Mbinu nyingi hufa kwa sababu ya kitu kidogo pembeni. Yakague haya kabla ya siku ya kwanza, maana fundi asiyependa kiolezo anahitaji kisingizio kimoja tu.

Upana wa mkanda wa msumeno. Mkanda wa robo tatu ya inchi haukati mkunjo mkali. Unabanwa, unapata moto, na kukata pembeni ya mstari. Kwa miguu iliyopinda tumia mkanda wa robo inchi hadi inchi 3/8. Ukiona alama za kuungua kwenye mkunjo, tazama mkanda kwanza, kiolezo baadaye.

Nafasi kati ya mistari. Acha milimita 4: kama mbili za njia ya meno ya msumeno na zilizobaki za randa. Fundi anayetaka kuonyesha ustadi ataacha 2, na mguu mmoja kati ya kila miwili utatoka mwembamba.

Nyuzi za mbao. Kulaliana hakumaanishi kugeuza miguu ovyo. Nyuzi zifuate urefu wa mguu. Mguu ukiinamishwa sana ili uingie kwenye pengo, nyuzi zitakatiza mkunjo, na kiti kitavunjika pale hotelini, mgeni akiwa juu yake. Kiti kimoja kilichovunjika kitazungumzwa Lamu nzima kuliko mia vilivyosimama.

Kiolezo chenyewe. Plaiwudi tupu katika hewa yetu ya chumvi na unyevu huvimba kingo. Tumia plaiwudi ya milimita 6 iliyopakwa vanishi pande zote, kingo zikiwemo, au bati la aluminiamu la milimita 2. Kila baada ya miezi mitatu kilinganishe na kiolezo mama kinachokaa kwa chama, ambacho hakikatiwi kazi kamwe.

Nani awe wa kwanza

Karakana ya kwanza kujaribu ndiyo inayolipia makosa ya wote. Inaharibu mbao, inachelewesha oda, kisha majirani wananakili bure yale yaliyofaulu. Ndiyo sababu kila mtu hungoja mwenzake. Fungu la fedha liende zaidi kwa wale watatu wa mwanzo: fidia ya mbao zitakazoharibika, kiolezo bure, na mtu wa kuwatembelea kila siku wiki ya kwanza.

Usichague iliyo kubwa kuliko zote. Seremala mwenye mafundi wawili akiona mbinu kwa mwenye mafundi kumi na jenereta lake, atasema, "Yule ana uwezo." Chagua karakana ya ukubwa wa kati, inayofanya kazi mlango wazi, na ambayo fundi wake mkuu amefundisha wengine. Lamu seremala huwa na nasaba ya ufundi: fulani alifundishwa na fulani. Chora mti huo kwenye karatasi. Mbinu ikimwingia aliyefundisha watu sita, utakuwa umebisha hodi milango sita kwa mkono mmoja. Na kama mwenyekiti wa chama anataka karakana yake iwe ya kwanza, mweke wa nne. Akiwa wa kwanza, mbinu itaitwa ya mwenyekiti, na wasiompenda hawataigusa.

Kwa watatu hawa ongeza kitu kinachowapa sababu ya kufungua mlango. Kwa kila karakana nyingine ambayo fundi wake amejifunza kwao na kupita jaribio, walipwe shilingi 1,000 kama asante ya mlango, nusu kwa fundi aliyefundisha na nusu kwa mwenye karakana. Walipe kwa aliyefaulu tu, si kwa aliyetembelea, la sivyo utalipia watalii.

Bajeti ya karakana 20, kwa takwimu zetu za mfano: violezo kwa shilingi 1,500 kila kimoja ni 30,000; malipo ya mafundi 4,000 mara 20 ni 80,000; asante ya mlango kwa karakana 17 zilizobaki ni 17,000; ubao mmoja wa kuharibika kwa kila karakana ni 60,000. Jumla 187,000, au 9,350 kwa karakana. Akiba ya tajiri baada ya kupandisha bei ya kipande ni 2,204 kwa siku ya kukata, kwa hiyo siku tano za kukata zinarudisha yote. Anayekata miguu siku moja tu kwa wiki atahitaji wiki tano. Chama kinaweza kabisa kudai mchango wa 500 kwa wiki kutoka kwa kila mwenye karakana kuanzia mwezi wa tatu, mfuko ukaendelea na mbinu inayofuata. Wakati huo hakuna atakayeona ni mzigo, lakini waandikishane kabla, si baada.

Mashine ya pamoja

Mbinu ikiwa ni mashine, mambo hubadilika. Mashine ya kupiga randa kwa unene mmoja haiwezi kununuliwa na kila mtu, na ikinunuliwa na mmoja atakuwa anawatoza majirani bei anayotaka. Chama kikinunua, tatizo la kawaida ni kwamba mashine inakaa bila kazi mpaka inashika kutu, na Lamu kutu haingoji.

Piga gharama ya mwezi kabla ya kusaini chochote. Tuseme mashine ni shilingi 240,000 na itadumu miaka mitano: 4,000 kwa mwezi zitengwe kununua nyingine. Umeme 5,000, visu na kunoa 3,000, akiba ya matengenezo 4,000, mhudumu 18,000. Jumla 34,000. Ikifanya kazi saa 100 kwa mwezi, kila saa inagharimu 340. Ikifanya saa 60, inagharimu 567. Tofauti hiyo ndiyo inayoua mashine za vyama vingi. Kwa hiyo uza saa kabla ya kununua mashine: wanachama walipie mapema angalau saa 70 za mwezi wa kwanza kwa bei ya 400. Wasipolipa, hawaihitaji, hata kama mkutanoni walinyoosha mikono yote. Mhudumu apewe sehemu ya mapato kwa kila saa juu ya 80, ndipo atakapowapigia watu simu mashine ikiwa bure.

Mashine ya bure kutoka kwa mfadhili hukimbia hesabu hii kwa muda tu. Visu vikiisha makali mwezi wa nne, hakuna mfuko. Chama kikiwa kinatafuta eneo la kuiweka, fuatilia Mamlaka ya Biashara Ndogo na Ndogo Sana, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, pamoja na ofisi ya biashara ya kaunti. Nenda na karatasi ya saa zilizokwisha kulipiwa. Itasema zaidi ya barua ya maombi.

Kipi kigawanwe, kipi kifichwe

Mafundi hukataa kufundishana kwa hofu ya halali: mteja akinaswa na jirani, hatarudi. Tenganisha mambo mawili. Njia ya kukata, kunoa, kukausha na kupima, hizo zigawanwe, kwa kuwa mteja hazioni. Nakshi ya mlango, umbo la kiti na orodha ya wateja vibaki vya mwenyewe. Liandike kwenye kanuni za chama kwa sentensi mbili, na siku za mlango wazi funika kazi za oda kwa shuka. Inaonekana jambo dogo; bila hilo mlango hautafunguka.

Mwenye umbo jipya kweli anaweza kulisajili kwa KIPI, taasisi ya haki miliki za viwanda ya Kenya. Ubunifu wa umbo hulindwa miaka 5, na unaweza kuongezwa mara mbili hadi 15. Kifaa kilichoboreshwa kinaweza kupata cheti cha modeli ya matumizi, cha miaka 10. Peleka maombi kabla ya kukionyesha hadharani. Kwa mbinu ndogo kama kiolezo chetu usijisumbue. Majirani wataibeba kwa macho kabla karatasi hazijafika Nairobi.

Onyesho si usambazaji

Septemba 2018, huko Lamu lilizinduliwa jahazi la Flipflopi, lililotengenezwa kwa plastiki iliyookotwa ufukweni na mijini chini ya fundi Ali Skanda, na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mafundi walithibitisha kwamba plastiki inaweza kuchongwa na kuunganishwa kwa zana za seremala. Lakini fundi wa Matondoni anayejenga dau kwa oda hakuhitaji kuambiwa inawezekana. Alihitaji kujua "ubao" huo utauzwa bei gani, utapatikana kila mwezi, na nani atamlipa siku za kujifunza namna misumari inavyoshika. Ndiyo maana karakana ya kuchakata plastiki iliyofuata baadaye ina uzito wake: mali ghafi ikipatikana karibu, ndipo hesabu ya fundi huanza kubadilika. Ukipanga onyesho la mbinu yoyote, wiki hiyohiyo uwe na jibu la bei, la upatikanaji na la fidia.

Majira na ufuatiliaji

Anza wakati saa zilizopotea ni rahisi. Kwa mafundi wa vyombo vya uvuvi, kusi likichafua bahari vyombo hupandishwa pwani na kazi ya matengenezo hujaa, kwa hiyo usiwaletee jambo jipya wakati huo. Kwa karakana za hoteli ni kinyume chake kidogo: oda hufuata ratiba za hoteli kujiandaa na wageni, na kila moja ina yake. Uliza daftari la oda, usikisie. Ramadhani isiwe wiki ya kwanza ya jaribio lolote.

Kuanzia mwezi wa pili pita bila taarifa, mara moja kwa wiki, karakana nne kila mara. Usiulize kama wanakitumia. Tazama mambo matatu: kiolezo kiko juu ya meza au nyuma ya mlango, kingo zake zina alama za penseli mpya au vumbi, na mabaki chini ya msumeno ni vipande vyembamba au ni pembetatu nene za zamani. Okota mabaki ya siku moja, yapime kwa kilo, andika. Pembetatu zikirudi, rudi kwa fundi peke yake na swali lilelile la mwanzo: amemaliza vipande vingapi, na analipwa kiasi gani kwa kila kimoja. Mara nyingi utakuta bei ya kipande imerudishwa 30 kimyakimya.